Mtafiti Akija Kuona Mlima, Mwambie Arudi Masika

Msimu huu mahindi yanavunwa, ngano ya Basotu inaingia maghalani, alizeti zinapigwa. Na kama ilivyo kawaida kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi, magari ya wageni yameanza kuonekana. Wengine ni watalii kamili, wamekuja kupanda Mlima Hanang. Wengine ni watafiti: wa udongo, wa mbegu, wa mifugo, wa afya, wa lugha, wa miamba. Na wengi wao, ukweli usemwe, ni vyote viwili. Asubuhi wanachimba udongo wa kupima, jioni wanapiga picha ziwa.

Mzee mmoja wa upande wa Dongobesh aliniuliza swali ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. Alisema, "Bwana shamba, hebu niambie ukweli. Hawa wageni wanaopima shamba langu, kazi yao hasa ni ipi? Wanatembea au wanafanya kazi?" Nikamwambia, mzee wangu, wanafanya yote mawili, na hilo peke yake sio kosa. Akacheka, akasema, "Basi mie nataka kujua yale ya kazi yananifikia lini."

Makala ya leo ni ya kumjibu mzee huyo na wengine wenye swali kama lake. Nataka tuone kwa nini watafiti wanapenda kuja huku, tunapata nini tukishirikiana nao vizuri, tunapoteza nini wakiona nusu tu ya maisha yetu, na wewe mwenye shamba ufanye nini wakibisha hodi.

Kwa nini wanakuja huku

Tuanze na uzuri wenyewe, maana sisi tumeuzoea hata hatuuoni. Mlima Hanang una urefu wa takriban mita 3,420 kutoka usawa wa bahari, na uko kati ya milima mirefu kabisa ya Tanzania. Ni volkano ya zamani. Ukiwa juu unaona ukuta wa Bonde la Ufa, unaona Ziwa Balangida lenye chumvi likiwaka kama bati jipya, na upande wa magharibi Ziwa Basotu lenye maji baridi na viboko wake. Ukija Mbulu una msitu wa Nou, una nyanda za juu za Kainam zenye baridi yake, halafu ukishuka kuelekea Yaeda na Ziwa Eyasi unaingia kwenye joto na mibuyu. Yote hayo ndani ya mwendo wa siku moja.

Lakini kinachompendeza mtalii ndicho hicho hicho kinachompa mtafiti kazi. Mteremko mkali maana yake ni kwamba kwa kilometa chache tu unapita kwenye hali za hewa tofauti, udongo tofauti na mazao tofauti. Mtaalamu wa miamba anakuja kwa sababu ya volkano. Mtaalamu wa lugha anakuja kwa sababu eneo hili linakutanisha watu wa asili nne tofauti kabisa kwa lugha: Wahadzabe, Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wadatoga (ndimo walimo Wabarabaig) wenye lugha ya Kinailoti, na majirani zetu Wabantu kama Wanyaturu na Wanyiramba. Sehemu za namna hii Afrika ni chache sana.

Na jambo jingine, sehemu ya uzuri huu haikuletwa na mvua tu. Imetengenezwa kwa jembe. Yale mashamba ya Kainam yanayopangana kwenye miteremko kama kitambaa kilichoshonwa ni kazi ya wazee wetu: matuta ya kukinga maji, mifereji ya kutolea maji ya ziada, samadi inayobebwa kutoka zizini, ardhi inayopumzishwa kwa zamu. Mtafiti wa Kiswidi, Lowe Börjeson wa Chuo Kikuu cha Stockholm, aliandika kitabu kizima kuhusu kilimo hicho, kikatoka mwaka 2004. Kabla yake wengi waliamini kwamba Wairaqw walilima kwa ustadi ule kwa sababu tu walikuwa wamezingirwa na maadui, hawakuwa na pa kwenda. Yeye akaonyesha kwamba kilimo kile kilijengwa kidogo kidogo, kwa kazi ya kila siku, msimu baada ya msimu. Hayo sio ya kuyaona ukiwa kwenye dirisha la gari. Ni lazima ukae na watu.

Ugonjwa wa kuona kiangazi peke yake

Sasa tuingie kwenye kiini. Kuna mtaalamu wa Uingereza, Robert Chambers, aliyefanya kazi miaka mingi Afrika Mashariki na Asia. Mwaka 1983 alitoa kitabu kuhusu maendeleo ya vijijini, na ndani yake alizungumzia kitu alichokiita utalii wa maendeleo vijijini. Hakuwa anawasema watalii wa mbuga. Alikuwa anatusema sisi: wataalamu, maofisa, wafadhili, watafiti. Alisema tunatoka mjini, tunapita barabara nzuri, tunaona mradi ulioandaliwa, tunaongea na wanaume wenye sauti na wakulima wanaojiweza, tunarudi mjini kabla giza halijaingia. Na zaidi ya yote, tunakwenda kiangazi.

Hebu pima maneno hayo na hali yetu. Barabara ya lami kutoka Babati kwenda Singida inapita Katesh. Kijiji kilicho kando ya lami kinapata wageni watatu kwa mwaka, kile cha juu mlimani au cha bondeni hakipati hata mmoja. Kiangazi njia zinapitika, anga ni safi, mlima unaonekana vizuri, mavuno yako nyumbani, watu wana nafasi ya kukaa na kuongea, hata sherehe zinafanyika miezi hiyo. Mgeni anaondoka na picha nzuri na moyo mweupe.

Lakini wewe na mie tunajua mwaka wetu unavyokwenda. Mvua zinaanza mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, zinaendelea mpaka mwezi wa tano. Mwezi wa kwanza hadi wa tatu ndipo ghala linaisha, ndipo kazi ya palizi inakuwa nyingi kuliko mikono, ndipo viwavi wanaingia kwenye mahindi, ndipo korongo linakula shamba, ndipo mtoto anaugua na gari halifiki. Shida za mkulima wa huku zina tope. Aliyekuja Agosti ameona majibu ya mtihani, hajaona mtihani wenyewe.

Ndiyo maana nasema: mtafiti akija kuona mlima, mkaribishe. Ila mwambie arudi masika.

Basotu: nyasi zilizoonekana za bure

Hili sio jambo dogo la adabu ya wageni. Hanang tunajua gharama yake.

Mwaka 1970 ulianza mradi wa ngano wa Tanzania na Canada kwenye nyanda za Basotu. Utaalamu ulikuwa wa kweli. Wataalamu wa Canada na Watanzania walijaribu aina za ngano, mashine na namna ya kulima, na kazi hiyo ya utafiti ilihusiana na kituo cha Selian, Arusha. Yalianzishwa mashamba makubwa saba chini ya shirika la serikali la NAFCO, kwa jumla karibu ekari laki moja. Ngano ilitoka, nchi ikala mkate.

Ila ardhi ile haikuwa ya bure. Wabarabaig walikuwa na mpango wao wa malisho, wenye majina na sheria zake. Zile tambarare zenye udongo mzuri waliziita muhajega, na ng'ombe waliingizwa huko wakati wa mvua, nyasi zinapokuwa na nguvu kuliko zote. Mvua ikiisha wanahama, nyasi zinapumzika. Sasa fikiria mtu anapita pale kiangazi. Anaona nini? Anaona uwanja mtupu, hakuna boma, hakuna ng'ombe, upepo tu. Ukimwambia ni ardhi isiyotumika, anakubali kabisa. Kumbe ndiyo malisho bora kuliko yote ya mwaka.

Charles Lane, mtafiti aliyekaa na Wabarabaig, aliyaeleza haya kwa kirefu kwenye kitabu chake kilichotoka mwaka 1996. Lakini wakati huo matrekta yalikuwa yameshapita. Wafugaji walipoteza malisho, makaburi ya wazee wao yalilimwa, na kesi ya kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO ilifika mpaka Mahakama ya Rufani miaka ya 1980. Watu wa Hanang mpaka leo wanaikumbuka habari hiyo kwa uchungu, na ukienda na kipimo cha ardhi bila kujieleza vizuri utaulizwa maswali mengi. Usikasirike ukiulizwa. Wana sababu.

Somo langu hapa sio kwamba ngano ni mbaya. Mie mwenyewe nawashauri wakulima wa ngano kila msimu. Somo ni kwamba utafiti ulijua kila kitu kuhusu ngano, na haukumuuliza mfugaji swali moja: hapa mnapatumia mwezi gani?

Haydom: utafiti uliokaa mpaka ukaona

Tugeukie mfano wa upande mwingine, ili tusiwe watu wa lawama tu.

Hospitali ya Kilutheri Haydom, wilayani Mbulu, ilifunguliwa mwaka 1955 kwa msaada wa Wanorwe. Kuanzia mwaka 2009 ilikuwa moja ya vituo vinane duniani vya utafiti uitwao MAL-ED, uliofuatilia watoto wachanga katika nchi nane ili kujua kwa nini wengine hawakui vizuri. Zingatia neno hilo: kufuatilia. Sio kuja mara moja. Watoto walitembelewa majumbani mara kwa mara, mvua na jua, kwa miaka.

Na kwa sababu walikaa, waliweza kuona jambo linalotuhusu moja kwa moja sisi watu wa kilimo. Katika watoto wa Haydom watafiti walipima sumukuvu, yaani sumu zinazotengenezwa na ukungu kwenye nafaka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba watoto wengi walikuwa na dalili za aflatoksini na fumonisini mwilini, na fumonisini ilihusishwa na uzito mdogo. Chanzo kikubwa ni mahindi, chakula chetu cha kila siku.

Hapa Manyara hatuhitaji kukumbushwa kwamba sumukuvu inaua. Mwaka 2016 ulitokea mlipuko katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na karibu watu 20 walipoteza maisha. Kwa hiyo utafiti ule wa Haydom una kazi jikoni kwako. Nitaichukua nafasi hii nikukumbushe mambo matano, maana ndiyo miezi yake:

1. Vuna mahindi yakikauka, usiyaache shambani yalowe na mvua ya mwisho au yaanguke chini. Fumonisini huanzia shambani.
2. Anika juu ya turubai, sio juu ya udongo mtupu.
3. Pima ukavu kwa chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa, acha dakika kama kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado yana unyevu. Rudisha juani.
4. Chambua. Punje zilizovunjika, zilizooza, zenye rangi ya pinki, kijani au nyeusi, tupa kabisa. Usimpe kuku, usipikie pombe.
5. Hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa au pipa safi lililofungwa vizuri, juu ya chaga, mbali na ukuta. Kwa uji wa mtoto, koboa mahindi kwanza, maana sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini.

Umeona sasa? Kile kilichopimwa maabara kimeishia kwenye turubai na chupa ya chumvi. Huo ndio utafiti uliofika nyumbani.

Mbaazi, na mkulima kuwa hakimu

Mfano mwingine mzuri ni mbaazi. Wakulima wa kanda hii ya kaskazini walisumbuliwa sana na mnyauko, ule ugonjwa wa kwenye udongo unaokausha mmea ukiwa umeshachanua. Watafiti wa Selian wakishirikiana na ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya maeneo makavu, walileta aina kadhaa zikajaribiwa kwenye mashamba ya wakulima, na wakulima wenyewe wakatoa maoni: punje iwe kubwa, iwe nyeupe, sokoni inunuliwe, jikoni iive vizuri. Moja ya aina zilizopatikana ikiwa na ukinzani dhidi ya mnyauko ndiyo hii tunayoiita Mali, na ipo mashambani mpaka leo.

Jirani zetu wa Babati nao walipata mradi wa Africa RISING, uliofadhiliwa na Marekani. Huko ilitumika mbinu ya shamba mama na shamba mtoto. Shamba mama linakuwa moja kijijini, lina majaribio yote, mtafiti analisimamia. Mashamba watoto yako kwa wakulima wengi, kila mmoja anachagua majaribio machache anayoyataka na kuyalinganisha na ukulima wake mwenyewe. Mkulima anakuwa hakimu, sio mtazamaji. Na kwa kuwa zao liko shambani kwake, analiona tangu kupanda mpaka kuvuna. Hawezi kuona kiangazi peke yake.

Ukitazama mifano hii utagundua hakuna aliyekatazwa kufurahia mandhari. Nina hakika watafiti wa Haydom walipanda Hanang siku zao za mapumziko, na vizuri sana. Mtu anayependa mahali anarudi. Tofauti ni kwamba walikuwepo pia siku ambazo hakuna cha kupigia picha.

Tarehe 3 Desemba 2023

Siwezi kuandika kuhusu uzuri wa Hanang nikaruka siku hii. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka mlimani vikafunika sehemu za mji wa Katesh na vijiji vya jirani, ikiwemo Gendabi na Jorodom. Zaidi ya watu 80 walikufa. Mungu awapumzishe, na aendelee kuwapa nguvu walioachwa.

Siku zile za mwanzo wengi walisema volkano imelipuka. Wataalamu wa miamba walipanda, wakachunguza, na serikali ikatoa maelezo kwamba haikuwa volkano. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji mengi, ikazidiwa, ikameguka, na tope likafuata mkondo wa mto mpaka kwenye makazi.

Mlima ule umepigwa picha na wageni kwa miaka mingi, karibu zote za kiangazi, ukiwa umetulia. Mlima wa Desemba ni mwingine. Anayejua mlima wa Desemba ni mama anayechota maji kwenye kijito na kuona kimebadilika rangi, ni mchungaji anayeona ufa mpya kwenye mteremko. Ujuzi huo ukikutana na vipimo vya mtaalamu, unakuwa tahadhari. Usipokutana, unabaki kuwa hadithi ya baada ya msiba. Kwa hiyo ninaposema arudi masika, sizungumzii mahindi tu.

Mtafiti akibisha hodi: maswali ya kumuuliza

Haya, tuje kwenye kazi. Uwe mkulima, mfugaji, mwenyekiti wa kitongoji au mjumbe wa serikali ya kijiji, haya ndiyo ya kuuliza. Uliza kwa upole, chai ikiwa mezani. Mgeni ni wa kuheshimiwa, na mgeni mwema hachukii maswali.

*Una kibali?* Mtafiti anayetoka nje ya nchi anatakiwa kuwa na kibali cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986. Kisha anapita mkoani, wilayani, na barua inafika kwa mtendaji wa kijiji. Utafiti unaochukua damu, mkojo au taarifa za afya unahitaji pia kibali cha maadili. Kama hana, muelekeze kwa mtendaji kwanza. Usimfukuze, muelekeze tu.

*Unatafuta kujua nini, na kwa nini hapa?* Mwache aeleze kwa Kiswahili cha kawaida. Akishindwa kueleza kwa dakika tano ukaelewa, basi na yeye bado hajajipanga.

*Utakuja mara ngapi, na miezi gani?* Hili ndilo swali langu kuu. Mwambie wazi: ukitaka kujua shamba langu, njoo nikivuna na uje tena nikipalilia. Kama hawezi kurudi mwenyewe, basi amwachie mtu wa hapa, kijana aliyesoma au afisa ugani, kazi ya kupima mwezi wa pili na wa tatu, na amlipe.

*Utamtembelea nani?* Tusiwapeleke siku zote kwenye shamba la mwenyekiti na la mkulima bora. Wapeleke kwa mama mjane mwenye ekari moja, wapeleke kijiji kisichofikika kwa gari. Akitaka mandhari, njia ya huko ndiyo yenye mandhari kuliko zote.

*Unachochukua kinakwenda wapi?* Udongo, mbegu, majani, picha. Mbegu za asili ni mali yetu sote. Mimea na mbegu kusafirishwa nje kuna utaratibu wake na cheti cha afya ya mimea, na mamlaka yake ni TPHPA. Ya kijiji ni kuandika: imechukuliwa nini, kiasi gani, tarehe gani, na nani.

*Majibu yatarudi lini na kwa njia gani?* Kitabu cha Kiingereza kilichoko maktaba ya Ulaya sio majibu. Omba mambo mawili tu: mkutano mmoja wa kijiji wa kuyasoma matokeo, na karatasi moja ya Kiswahili ya kubandika ofisini. Liandikwe kwenye muhtasari wa kikao kabla kazi haijaanza. Baada ya kazi kuisha, kumdai mtu aliyeko ng'ambo ni shida, wote tunajua.

*Muda wangu je?* Siku nzima ya kuzungusha mgeni ni siku ya palizi iliyopotea. Ni haki kuomba posho ya muda kwa kiwango kinachojulikana na wote, ili isiwe chanzo cha maneno kijijini.

Na ule utalii wenyewe?

Usiwaonee aibu wageni wanaotaka kutembea. Panga, ili na wewe upate. Mlima Hanang ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo kupanda ni kwa kibali chao na kwa kuongozwa na mtu anayejua njia. Vijana wa Katesh wanaweza kazi hiyo. Akina mama wanaweza kupika: ugali wa mtama, mboga za asili, maziwa ya mgando, asali. Mkulima wa Bashay anaweza kumwonyesha mgeni kitunguu saumu tangu kwenye tuta mpaka kwenye gunia, akamuuzia na kilo mbili. Mtafiti aliyelala kijijini siku tatu ameacha hela kijijini, na amesikia mengi kuliko aliyelala mjini akaja saa nne na kuondoka saa tisa.

Na sisi pia tutembee. Nane Nane ya pale Themi, Arusha, sio ya kula nyama choma tu. Kikundi kikijipanga kinaweza kuomba kutembelea kituo cha TARI Selian, kikaona majaribio ya ngano, maharage na mbaazi, kikauliza maswali yake. Kama wao wanachanganya kazi na matembezi, kwa nini sisi tusichanganye?

Daftari la masika

La mwisho, na hili halihitaji mgeni wala mfadhili. Nunua daftari. Mvua ikianza, andika tarehe. Andika siku uliyopanda, mbegu gani, mbolea gani. Andika siku ulipoona viwavi, siku korongo lilipobomoka, wiki debe la mwisho lilipotoka ghalani, kijito kilipobadilika rangi. Kama una simu, piga picha ya shamba lile lile, ukisimama pale pale, kila mwisho wa mwezi.

Agosti mgeni akija na maswali yake, mfungulie daftari. Atakaa chini, nakuhakikishia. Na utakuwa umemrudisha masika hata kama ndege yake inaondoka Jumamosi.

Kila la heri na mavuno. Kausheni mahindi vizuri.